Nani Kawachambua Senene Hawa?

Kagoma, Ijumaa mchana

Evodius mwanangu,

Sikuandikii salamu, maana asubuhi tumekunywa uji meza moja na hali yangu umeiona. Umekwenda Muleba kununua begi, nami nimeitumia nafasi hiyo. Nimechukua daftari langu la kazi, lile ninaloandikia vipimo vya madirisha, nimekaa barazani. Mvua imekatika ila migomba bado inadondosha maji. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya kabati, kando ya tiketi yako, nimeikandamiza na kopo ili isipeperuke. Kopo lenyewe unalijua.

Mambo ya chandarua, ya kutokula chakula cha njiani na ya kupiga simu kila Jumapili mama yako atakueleza, tena atakueleza mara tatu. Mimi nina jambo moja, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa siku sita. Seremala hakuzoea maneno. Nikiwa na jambo rohoni napiga randa. Juma hili nimepiga randa mpaka mama yako akaniuliza kama zile mbao za mlango nimeamua kuzigeuza vijiti vya meno.

Lilianza Jumamosi iliyopita, Justa wako alipokuja. Alitoka kwao Ijuganyondo kwa gari mpaka njia panda, kisha akapanda pikipiki, na mvua ile ikamkuta njiani. Alifika kanga imemgandia mabegani, lakini kopo alilolibeba lilikuwa kavu kabisa, amelifunga ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya kitambaa. Ulilipokea kwa mkono mmoja kwa sababu mkono mwingine ulikuwa na simu. Ukasema, "Asante, karibu," na macho yako yakarudi kwenye simu. Akanywa chai na mama yako, wakazungumza habari za watoto anaowafundisha chekechea, akaondoka. Mama yako ndiye aliyemsindikiza.

Jioni wakaja vijana wenzako kukuaga. Ukalifungua lile kopo, ukaliweka katikati. Mmoja akatafuna, akafumba macho, akasema, "Duh, hawa senene watamu! Wa nani?"

Ukamjibu, "Wa mtu tu. Kuleni, wapo tu."

Nilikuwa mlangoni nimeshika kiti. Nikakiweka chini, nikachukua kifuniko, nikalifunika kopo na kuingia nalo ndani. Najua wenzako waliondoka wakisema mzee Projestus ni mchoyo wa senene. Waache waseme. Mimi nilitokea mlango wa nyuma, nikaenda kusimama kibanjani, nikajifanya natazama miti tuliyoegemezea migomba. Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa nimeogopa. Neno lile, "mtu tu", ni langu. Nililisema mimi, pale Buhembe, kabla hujazaliwa, na mtu niliyekuwa namsema ni mama yako.

Nimemwuliza mama yako kama nikuandikie habari hii. Alikuwa anamenya ndizi. Akaendelea kumenya, kisha akasema, "Mwandikie. Ila usinifanye mtakatifu." Basi nitajitahidi. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha huu muda wa umri wako wote.

Tulioana mimi na mama yako kwa kupatanishwa na wazazi. Nilimwona mara mbili kabla ya harusi, na mara zote mbili alikuwa ameinamisha kichwa. Sikumchukia. Niliona nimepata mke kama watu wengine wanavyopata. Baada ya miezi michache nikaenda Bukoba kufanya kazi kwenye karakana ya samani, nikapanga chumba Buhembe, na nyumbani nikawa narudi mwisho wa mwezi. Mama yako akabaki hapa Kagoma na bibi yako, na kibanja, na mimba yako.

Jirani na chumba changu kulikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Letisia. Alikuwa ameachika, anaishi peke yake, ana kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Wazee husema macho hayana pazia. Yangu hayakuwa na pazia wala dirisha. Sitakueleza ya chumbani, mimi ni baba yako. Nitakwambia tu kwamba kwa miezi mitano sikuwa na akili nyingine. Nilikuwa napima mbao namwona yeye, napiga msumari namwona yeye. Mara mbili nilikata miguu ya meza mifupi, na mwenye karakana akanitishia kunifukuza. Nilisema haya ndiyo mapenzi yenyewe, yale ambayo kwa mama yako sikuwa nimeyapata. Niliamini hivyo kabisa, Evo. Usidhani mtu mwenye tamaa anajua kwamba ana tamaa. Moyo unapiga, usingizi umekwisha, chakula hakipiti, sasa utaiitaje hali hiyo?

Letisia nilimdanganya. Nilimwambia mimi na mke wangu hatupatani, tumebaki kuunganishwa na cheti cha kanisa tu. Aliniamini. Alikuwa mtu mzuri, na mtu mzuri huamini.

Kuna jambo lilitokea katikati ya miezi ile ambalo wakati huo nililipita bila kulitazama. Letisia aliugua malaria, akalala siku tano. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha. Nilikuwa nasikia kikohozi chake. Sikwenda. Siku ya kwanza nilijiambia nimwache apumzike, siku ya pili nikajiambia watu wataona. Ukweli ni kwamba alikuwa mgonjwa, na mgonjwa hakuwa na kitu nilichokuwa nakifuata kule. Alipopona, nilikwenda siku ileile, nimenyoa ndevu. Alinifungulia mlango, akakitazama kidevu kile kilichonyolewa. Hilo nalikumbuka sasa kuliko mengine yote ya miezi ile.

Ukafika msimu wa senene.

Wewe umekulia wakati wa taa kubwa na mabati, watu wanawazoa senene kwa magunia na kuwauza sokoni. Zamani mama zetu walikwenda rweya, kule kwenye majani, alfajiri kabla ya jua, wakati senene wana baridi na mabawa yamelowa hawawezi kuruka. Unaokota mmoja mmoja umeinama. Kisha unakaa kuchambua: bawa, miguu, na ile miguu ya nyuma ina miiba, inakwaruza vidole mpaka vinavuja damu. Na nyumbani kwa marehemu baba yangu kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika popote. Mke akimwokotea mumewe senene, mume akawala, basi mume anamletea nguo. Kanga, kitenge, chochote, lakini nguo. Asiyeleta, majirani wanajua.

Mama yako aliniletea wangu kwa mkono wa kondakta. Kopo la bati, limefungwa kwa jani la mgomba na kamba ya mgomba. Nililipokea Jumamosi. Jumapili baada ya misa nikalipeleka kwa Letisia.

Sikulipeleka peke yake. Nilikuwa nimemnunulia na kitenge, cha rangi ya kahawa iliyoiva, nikaviweka vyote viwili juu ya meza ya cherehani yake nikiwa nimejaa furaha.

Akafungua kopo. Akachukua senene mmoja, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakumla.

"Nani kawachambua senene hawa?"

"Mtu tu," nikasema. "Wa nyumbani."

"Mtu tu?"

Akawamwaga kwenye sinia. Akawatawanya kwa kidole, polepole, kama mtu anayechagua mchele. Hapakuwa na bawa. Hapakuwa na mguu hata mmoja, wala kile kipande kidogo cha mguu ambacho sisi wote hukiacha kwa uvivu na kukila hivyohivyo. Letisia alikuwa mtoto wa Kihaya, alijua kazi anayoiona.

"Iwe, wewe Projestus," akasema, "senene wa kuuza hawachambuliwi hivi. Hata wangu mwenyewe siwachambui hivi. Huyu ni mke wako."

Nikaishika pembe ya kitenge, nikaikunja.

"Uliniambia hampatani."

Nikaikunjua.

"Waitu, tafadhali niambie basi, hali yake ikoje huyo mtu tu?"

"Ana mimba."

"Ya miezi mingapi?"

Nikasema saba. Kisha nikasema nadhani minane. Mwanangu, sikuwa najua. Letisia akacheka, lakini hakikuwa kile kicheko cha barabarani.

"Mawe, mama yangu! Mwanamke ana tumbo la miezi minane, ameamka alfajiri, ameinama kwenye umande, ameokota mmoja mmoja. Akakaa na vidole vyake akachambua. Na wewe umeniletea mimi nile."

Akawarudisha kwenye kopo wote, akalifunika. Kisha akakivuta kile kitenge, akakikunjua juu ya meza, akaniuliza, "Kwenu mwanamume akiletewa senene na mkewe, anatoa nini?" Akachukua chaki. "Nipe vipimo vyake."

Hapo ndipo nilipokwama. Mimi niliweza kutazama fremu ya mlango kwa macho nikakwambia imepinda upande gani. Leo hii bado naweza. Letisia akauliza, mabega yake mapana au membamba? Sikujua. Mikono mirefu? Sikujua. Akasema, "Basi mkisimama pamoja anakufikia wapi, kidevuni au begani?" Nikanyoosha mkono hewani nimpimie, nikaupandisha, nikaushusha, nikaupandisha tena. Mkono wangu ulikuwa unatafuta mtu na haumpati.

Kiuno cha Letisia ningeweza kukichora nimefumba macho. Na yeye mwenyewe nilikuwa simjui. Nimesimama pale na mkono hewani ndipo iliponijia kwamba sijawahi kumwuliza kama mama yake yu hai, wala aliachika kwa sababu gani. Wanawake wawili, Evo, na sikuwa na habari za hata mmoja wao. Nilikuwa na habari za kiu yangu tu.

Alishona kwa kukisia, kwa siku mbili. Alinikabidhi nguo na kopo, akasema, "Usirudi hapa." Sikurudi. Sikumwomba hata radhi, na hilo ni deni ambalo sijalilipa. Baadaye nilisikia amehamia Karagwe na ameolewa. Watu wanaposema habari za mwanamume aliyetoka nje, wanamhurumia yule wa nyumbani, na ni haki. Lakini na huyu wa nje nilimwumiza. Alidhani anapendwa, kumbe alikuwa anatumiwa na mtu aliyeshindwa kuvuka ukuta mmoja kumpelekea maji ya kumezea dawa.

Nilipanda gari la kuja Kagoma nimelipakata lile kopo. Nikalifungua njiani, nikawala wote, mmoja mmoja, kuanzia Bukoba mpaka hapa. Sikuwala kwa hamu. Nilikuwa natafuta bawa moja alilolisahau, mguu mmoja, nipate kujiambia kwamba ilikuwa kazi ya kawaida tu. Sikuliona.

Mama yako akapokea nguo. Akaivaa. Mabegani ilimpwaya, tumboni ilimbana. Akaivua, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. "Aliyeshona ameacha kitambaa kingi ndani," akasema. Akachukua wembe, akafumua ubavuni yeye mwenyewe, akatia mshono upya kwa mkono, ikamwenea. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Aliyeshona ana watoto?"

"Hana."

"Mungu ampe."

Akarudi jikoni. Mwezi uliofuata ukazaliwa wewe.

Sasa, wewe ungedhani niliacha ya Buhembe, nikarudi nyumbani, nikampenda mama yako, tukaishi raha mustarehe. Haikuwa hivyo. Niliacha kazi ya mjini, nikafungua karakana hapa, lakini moyoni nilikuwa mkavu. Kiu ya Letisia ilikwisha baada ya wiki chache, ikanishangaza jinsi ilivyokwisha upesi, na mahali pake hapakuja kitu. Mapenzi hayakuja. Ilikuja aibu, na aibu si mapenzi, nakwambia, ingawa zote mbili humfanya mwanamume abebe ndoo za maji.

Msimu wa senene ukarudi. Wanawake wote wa hapa wakaenda rweya. Mama yako hakwenda. "Mgongo unaniuma," akasema. Msimu wa pili, mgongo. Msimu wa tatu, mgongo. Na mgongo huohuo ulikuwa unalima kibanja, unakubeba wewe, unamwinamia bibi yako kumwogesha. Alinipikia, alinisalimu asubuhi kwa heshima zote, hakunipandishia sauti hata siku moja. Senene tu ndio sikuwapata. Nilielewa, nikaogopa kuuliza.

Msimu wa nne nikaamka alfajiri, nikachukua kikapu, nikakubeba wewe mgongoni maana ulikuwa umeamka unalia, nikaenda rweya mwenyewe. Hapakuwa na mwanamume mwingine pale. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, ulikuwa unawakimbiza senene unawakanyaga, na kila uliyemshika ulimweka mdomoni mbichi. Nilirudi na kikapu hata nusu hakikufika. Nikakaa pale nyuma ya jiko, nikaanza kuchambua. Vidole hivi vya nyundo havikuweza. Nilikuwa nawavunja vichwa. Mama yako akasimama mlangoni kwa muda mrefu. Kisha akaleta kigoda, akakaa upande wa pili wa ungo, akaanza kuchambua na mimi. Tulipomaliza aliishika mikono yangu, akaigeuza, akatazama mikwaruzo, akasema, "Haya. Sasa unajua."

Nikiulizwa siku niliyooa, nitataja tarehe iliyo kwenye cheti. Lakini kwa hakika ninavyojua mimi, nilioa siku ile.

Na tangu hapo nimekuwa nikimjua kidogo kidogo, kwa kazi. Najua mabega yake sasa. Najua kwamba anaogopa radi na hataki isemwe. Najua akinyamaza kwa hasira na akinyamaza kwa uchovu, na mara nyingine bado nachanganya, naye ananikumbusha vizuri sana. Wewe ulikuwa kidato cha pili alipofanyiwa upasuaji wa tumbo. Unakumbuka nilivyokuwa nafua nguo zake pale bombani na kumchana nywele barazani, na watu wakipita wanasema Projestus kalishwa limbwata. Ulikuja ukaniambia kwa hasira, "Tata, wanakucheka." Nikakwambia wape salamu. Sikuweza kukueleza wakati ule kwamba nilikuwa namwosha mtu ambaye mwili wake umelegea, una kidonda, una harufu ya dawa, na sikuwa na mahali pengine duniani ninapotaka kuwepo. Nilikuwa nakumbuka siku tano za malaria ya Letisia, nikajipima nazo. Kipimo kingine sina cha kukupa.

Ni wakati huohuo wa ugonjwa nilipomwambia mama yako yote. Nililia kabla sijafika katikati. Akanisubiri nimalize.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ile. Mwanamume gani anayejua kumwambia fundi aache mshono mpana kwa ajili ya mimba? Nikasema, aliyeshona nguo hii ananihurumia. Na anihurumie kwa lipi, kama hajui jambo?"

Nikamwuliza kwa nini hakuondoka.

"Baba Evo, mimi nilikasirika. Nilikasirika miaka. Kwenda kwetu nilifikiria, nikafunga hata mzigo. Lakini nilikuwa nakusubiri. Ulikuwa umekuja nyumbani, ila ulikuwa hujarudi."

Nguo ile aliivaa mpaka ikachakaa, akaikata ikawa mbeleko. Mdogo wako amebebwa nayo. Ukimwuliza mama yako aliwezaje, atakwambia kitambaa kilikuwa kizuri.

Sasa nije kwako, maana jua linashuka na begi haliwezi kukuchukua siku nzima.

Mama yako ameniambia uliyomwambia juu ya yule msichana mwingine, wa Dodoma. Usimlaumu, mimi na yeye siku hizi hatufichani. Ulisema ukimwona damu inachemka, na kwa Justa haichemki tena, na kwamba ukifika huko Mpanda uendako utamtumia Justa ujumbe kwenye simu yaishe. Evo, damu kuchemka si kosa. Bila hiyo hata wewe usingekuwepo, na usidhani kwamba mimi na mama yako tumekuwa watawa. Yule wa Dodoma simjui. Huenda ni mtu mwema kuliko sisi sote. Justa naye si malaika kwa sababu tu anajua kuchambua senene, na sikuamuru umwoe. Wazazi walinichagulia mimi, unaona ilivyokuwa. Kama miaka minne na Justa imekwisha, imekwisha, na mtu hafungwi kwa kopo.

Ninachokuomba ni kidogo. Mfikirie yule wa Dodoma amelala siku tano ana homa, nywele hazijachanwa, hana cha kukupa. Je, utakwenda? Jijibu mwenyewe, mimi usiniambie. Halafu mfikirie Justa, unyooshe mkono hewani. Anakufikia wapi? Ukiona mkono unapanda na kushuka haujui usimame wapi, basi ujue kwamba si yeye aliyepungua. Ni wewe uliyeacha kutazama. Mimi niliacha kabla sijaanza, wewe una nafuu.

Jumanne, ulipokuwa umelala mchana, nilichukua miwani nikawamwaga senene waliobaki kwenye sinia. Nusu nzima wameliwa na wenzako. Tuliwatazama wale waliobaki mmoja mmoja, mimi na mama yako, tumekaa palepale nyuma ya jiko. Hatukuona bawa. Mama yako akawarudisha kwenye kopo, akanyanyuka, akaenda kujifanya anachochea moto.

Basi linaondoka Bukoba kesho alfajiri, na tulikubaliana ulipandie Muleba. Lakini tiketi yako inaanzia Bukoba. Ukirudi kabla ya saa kumi unaweza kuondoka leo hii, ukalala kwa shangazi yako Buhembe, na kutoka pale mpaka Ijuganyondo ni mwendo mfupi. Nitakupakilia vitu vyako mimi mwenyewe, na sitakuuliza unakwenda kumwambia nini. Kama ni kwaheri, mwambie kwaheri akiwa anakuona uso. Mrudishie kopo lake, na akiuliza nusu imekwenda wapi, mwambie ukweli hata ukikuchoma. Kama si kwaheri, hilo mtalijua ninyi wawili. Na kama hutakwenda kabisa, basi lichukue uondoke nalo Mpanda, usiniachie hapa juu ya kabati, maana mimi lingine kama hili siwezi kulila tena.

Na popote utakapolifungua, akatokea mtu akala, akafumba macho, akakuuliza nani kawachambua senene hawa, nakusihi mwanangu, mtaje jina.

Ni mimi baba yako,
Projestus